Tabasamu la Ghorofa ya Tatu

Filamu ya Gad ilihukumiwa katika duka la maziwa la Joséphine, mjini Kamembe, Jumapili baada ya ibada. Watazamaji walikuwa kumi na kitu, kila mmoja na kikombe chake cha maziwa mgando, na kila mmoja na macho yake. Mwenye neno alikuwa mmoja tu, Mukansanga.

Mukansanga alikuwa mfamasia. Alilelewa Bukavu, akasomea huko, akarudi Rwanda na shahada pamoja na tabia moja iliyowachosha majirani: hakukubali jambo kwa sababu tu watu wengi walilipenda. Mgonjwa akimwambia kwamba jirani yake amepona kwa majani, yeye huuliza jirani huyo alipimwa wapi. Filamu alizipima kwa mizani ile ile. Wachuuzi wa filamu wa pande zote mbili za mto Ruzizi, Rwanda na Kongo, walikuwa wamejifunza, tena kwa hasara, kwamba aliyoisifu ilitembea, na aliyoidharau ilibaki mezani ikipauka kwa jua. Hakulipwa kwa kazi hiyo. Malipo yake yalikuwa kwamba hajawahi kukosea, na alipenda watu wasisahau.

Mmoja wa wachuuzi hao, Muhigirwa wa Bukavu, alikaa karibu na mlango akifuta vumbi la viatu kwa leso. Ndiye aliyepeleka filamu kwenye kumbi za Kivu Kusini, na alikuwa amemwambia Gad waziwazi, "Mi siko na macho ya filme, niko na macho ya soko. Maman Mukansanga akisema ndiyo, naipeleka fasi yote. Akisema apana, utaionyesha ku nyumba ya mama yako."

Gad alikuwa ametumia miaka miwili kuitengeneza filamu hiyo katika kinu kikuukuu cha mpunga huko Bugarama. Alikuwa ameuza hata pikipiki yake. Ikikataliwa, hakuwa na nyingine, wala hakuwa na cha kutengenezea nyingine.

Picha ya mwisho ilizimika. Wote waligeuka kumtazama Mukansanga, naye akamaliza maziwa yake bila haraka.

"Nianze na mzimu au na hadithi?" aliuliza.

"Anzia fasi unapenda, Maman," Gad alisema.

"Nianze na mzimu basi, maana ndiye mwenye afya kuliko wote. Mwanamke huyu amekufa miaka mingi. Ana kope za kubandika. Ana kucha zimepakwa rangi. Huko kaburini nani anampaka?"

Aimable, fundi wa kile kinu cha Bugarama, alicheka hadi maziwa yakamtoka puani.

"Gaju ni muzuri," Gad alimtetea mwigizaji wake. "Bantu banalipa juu ya kuona muntu muzuri."

"Mtu mzuri wanamwona bure, harusini. Kwenye filamu ya kutisha wanalipa waogope. Wewe ulitafuta mwigizaji au ulitafuta mchumba?"

Kicheko kilizunguka duka. Gad alitazama sakafu.

"Na damu," Mukansanga aliendelea. "Damu si woga. Damu ni nguo chafu. Mtu akiiona anawaza sabuni. Ulimwaga ndoo ngapi za rangi?"

"Asiulizwe yeye, niulizwe mimi," Aimable alidakia. "Mi njo nilisafisha. Mpaka leo muchele wetu unatoka mwekundu kidogo, bateja banauliza kama ni mbegu mpya."

Muhigirwa alikohoa. Yeye hakupenda kucheka kabla ya kujua bei ya kitu. "Lakini Maman, ile filme ya nyoka wa ziwani, ile ulisema ni takataka, ilijaza ukumbi kule Bukavu."

"Ilikuwa msimu wa mvua, Papa Muhigirwa, na ukumbi ulikuwa na paa. Ungewaonyesha ukuta mtupu wangekaa."

Nje, mzee mmoja aliyevaa suti ya kanisani alikuja akitembea upande wa duka, na alipolikaribia akavuka barabara, akapita upande wa pili. Hakuna aliyeshangaa. Alikuwa shemeji mkubwa wa Joséphine. Mume wa Joséphine alipofariki, mashemeji walikitaka kiwanja cha duka hili hili, wakaenda naye kwa wasuluhishi wa kata, wakaenda naye mahakamani, na mwaka jana Joséphine akawashinda kote. Tangu siku ya hukumu, shemeji huvuka.

"Habari ya Jumapili, shemeji," Joséphine alimwita kutoka kwenye beseni la vyombo, kama alivyomwita kila wiki. Shemeji hakugeuka.

"Hayo yote ni madoa," Mukansanga alisema, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo waliomzoea waliliogopa zaidi. "Kosa lenyewe ni hili: umechukua kazi ya mtu mwingine ukaikata mkia. Sipingi mtu kuigiza upya kazi ya mwenzake. Lakini wengi wenu mnachukua kitabu, mnatoa kitabu, mnabakiza jalada."

Kila mtu pale alijua kazi aliyoisema. Miaka kumi na mitano iliyopita, wakati filamu zilipouzwa kwenye diski, ilifika Kamembe filamu ya Kikorea iliyoitwa *Mke wa Ghorofa ya Tatu*. Ilikuwa ya kufafanuliwa, zile ambazo Kamembe nzima inaziita agasobanuye: sauti ya wenyewe imeshushwa, na juu yake mfafanuzi mmoja anasimulia yote, mwanamume, mwanamke, mtoto na mlango unaofungwa. Mfafanuzi wa filamu hiyo, kwa Kiswahili cha Bukavu, alikuwa Gad huyu huyu, akiwa kijana. Filamu ya sasa ilikuwa ile ile, imerudiwa kwa watu wa hapa na kwa kinu cha mpunga badala ya hoteli. Watu wa Kamembe walikuwa wamelala taa zikiwaka kwa kuiogopa ile ya kwanza. Mukansanga, ambaye hakuogopa kitu, aliifanya kuwa kipimo. Kila filamu ya kutisha iliyokuja baadaye aliipeleka mbele yake, na kila moja ilirudi imeaibika.

"Mwisho wa ile mnaukumbuka," alisema. "Mwanamke anatoka nje. Anasimama mlangoni, karatasi zenye majina ya wafu mkononi. Hasemi. Anatabasamu. Na maneno yanakuja: *Amehesabu waliomo ndani, amepata mmoja zaidi.* Basi. Giza. Hakuna tone la damu. Yule aliyeandika hayo alikuwa mtu mwenye akili, popote alipo. Na wewe, Gad, badala ya tabasamu umeleta nini? Umeleta mchungaji, petroli na kwaya."

"Kwaya iliimba muzuri," mtu mmoja alinong'ona.

"Iliimba vizuri. Ikaimbe kanisani."

Muhigirwa alikunja leso yake. "Kwa hiyo, Maman, ni apana."

"Ni hapana. Lakini mimi sihukumu kwa kumbukumbu. Nitafutie ile ya Kikorea yenyewe, bila sauti ya Gad juu yake, iwe na maandishi ya Kifaransa chini. Jumapili ijayo tuitazame hapa, niwaonyeshe alipoharibu, kosa moja baada ya jingine. Asije akasema nimemwonea."

Gad aliinua kichwa ghafla. "Maman, ya nini? Ile ni mambo ya zamani. Kubali tu umekataa, tumalize."

"Unaogopa ushahidi?"

"Siogopi. Nakuhurumia."

Watu waliguna. Mukansanga alilichukua neno hilo kama ufidhuli wa mtu aliyeshindwa, akainuka akaenda zake.

Jumapili iliyofuata duka lilijaa hadi nje. Muhigirwa alikuwa ameipata filamu kwa dada yake aliyeko Ufaransa, akaivusha mpakani kwenye flashi ndogo ndani ya mfuko wa shati. Mukansanga alikaa mbele kabisa, kando ya televisheni, ili awasomee wasiojua Kifaransa. Gad alikaa nyuma, karibu na friji. Hakugusa maziwa yake.

Jina lilitokea. Mukansanga alisoma kwa sauti, "*Urithi wa Dada Mkubwa*." "Wauzaji hubadilisha majina," alisema. "Hilo si geni."

Mwanamke mwenye koti la kijivu alishuka kwenye basi mbele ya hoteli. Duka zima lilisogea. Hapo, kwa sauti ya Gad, waliwahi kuambiwa kwamba basi hilo halikuwa na dereva. Sasa dereva alionekana, akapunga mkono, na mwanamke akasema maneno mawili matatu.

"Anasema nini?" Aliyeuliza alikuwa Aimable.

Mukansanga alisoma. "Anasema, 'Nimekuja kuchukua fungu langu.'"

"Fungu la roho zao," Aimable alieleza wenzake kwa uhakika.

Walifika ghorofa ya tatu, ile ambayo, kwa maneno ya Gad, mtu hapandi tangu bibi arusi ajinyonge. Kwa mujibu wa maandishi ya chini, watu hawakupanda kwa sababu paa lilikuwa linavuja. Yule mzee aliyeanguka ngazini baada ya kusikia sauti ya marehemu mama yake alikuwa anasikiliza simu ya benki. Kila mara Mukansanga alisoma kama ilivyoandikwa, bila kupunguza neno, na kila mara sauti yake ilizidi kukauka. Nyuma yake vicheko vilianza kama punje zinazopasuka kwenye kikaango.

Kisha akatokea mtoto wa uso mweupe. Huyo alikuwa maarufu. Kwa miaka mingi Mukansanga alikuwa akimtaja kama mfano: rangi ya mauti yenyewe, alisema, si unga wanaojipaka waigizaji wetu. Mtoto alisimama kwenye ujia wa hoteli, na mama yake akamfuata na chupa.

Mukansanga aliisoma sentensi hiyo mara moja kimya, kisha kwa sauti. "'Rudi hapa, bado sijakupaka mgongoni.'" Akaongeza mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa kweli na alikuwa mfamasia, "Ana tetekuwanga. Ile ni losheni ya kuondoa mwasho. Ninaiuza."

Hapo duka liliangua. Aimable alipiga meza. Mtu alimwita Gad kutoka mlangoni, "Weye Gad! Mtoto ana tetekuwanga, ulituambia alizikwa mu chokaa!"

Mukansanga hakugeuka. Aliendelea kusoma hadi mwisho: kaka wawili waliotaka kumnyang'anya dada yao hoteli, mawakili, benki, jaji mwenye mafua. Mwanamke wa koti la kijivu akatoka nje, akasimama mlangoni na karatasi mkononi. Karatasi hizo zilikuwa hukumu ya mahakama. Akatabasamu. Giza.

"Kumbe," Aimable alisema polepole, "ni filme ya kiwanja?"

"Ni filme muzuri sana," Joséphine alisema, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Ndiye pekee aliyekuwa hajacheka hata mara moja. "Rudisha kidogo pale kwa jaji."

Muhigirwa aliwaza haraka. Kama neno la Mukansanga lingeanguka, yeye mwenyewe angebaki sokoni bila macho. Aliinama mbele. "Maman, pengine njo filme ingine. Bakorea banafanana, hoteli zinafanana. Nitauliza tena dada yangu. Tuseme tu flashi haiko yenyewe."

Ulikuwa mlango mzuri wa kutokea, na ulikuwa wazi. Wengi pale wangeukubali, maana ilikuwa rahisi kuliko kukubali kwamba waliwahi kulala taa zikiwaka kwa sababu ya kesi ya mirathi. Mukansanga aliutazama mlango huo kwa muda.

"Ni yenyewe," alisema. "Koti ni lile. Ngazi ni zile, na ile ya tano imevunjika ukingo kama zamani. Tusidanganyane." Akageuza kiti chake kumtazama Gad. "Eleza."

Gad alisimama. Hakuonekana mwenye haya. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo. "Nieleze nini, Maman? Bosi wa madiski alinipa diski ine kwa siku moja. Akasema, hizi tatu ni vita, hii ya ine tia woga, juu ku jalada kuna mwanamuke mu ngazi na giza. Kikorea mi najulia wapi? Nikatia woga."

"Basi lisilo na dereva?"

"Dereva alionekana nyuma ya kioo kidogo tu. Nikamuua."

"Majina ya wafu?"

"Muntu akibeba karatasi lazima iwe na kitu."

"Na maneno ya mwisho?" Mukansanga aliuliza. Wote waliyajua kwa moyo. "Nani aliyaandika?"

"Hakuna mwenye aliandika. Filme inaisha, muntu anacheka. Nisiposema kitu, bantu bataniuliza anachekea nini. Nikafungua kinywa."

Jambo moja lilimuudhi Mukansanga kuliko kicheko cha watu: mara tano au sita, mbele ya wengi, alikuwa amemsifu mwandishi wa maneno yale kuwa mtu mwenye akili. Sasa mtu huyo alikuwa amesimama karibu na friji, na kola yake ilikuwa chafu.

"Papa Muhigirwa," alisema, "wiki iliyopita nilisema Gad amemsaliti mwandishi. Mwandishi ni Gad. Kwa hiyo nililosema lilikuwa kosa. Lifute."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo likitoka kwake. Aimable alianza kupiga makofi.

"Usifurahi," Mukansanga alimkata. "Mzimu bado ana kope." Akamgeukia Gad. "Mwenye kazi ana haki ya kuikata mkia kazi yake. Lakini haki ya kufanya upuuzi haiufanyi upuuzi kuwa akili. Ulikuwa na mwisho ulioamsha mji mzima. Kwa nini ukaleta kwaya?"

Gad alijikuna shingo. "Gaju alishindwa kucheka. Tulirudia asubuhi yote. Kila mara alicheka kama anauzisha sabuni. Jua likawa kali, mchungaji alikuwa palepale anangojea lifti ya kurudi Kamembe..."

"Basi ukampa kazi."

"Nikamupa kazi."

"Sikiliza nikwambie kwa nini yule Mkorea aliweza. Hakuwa anaigiza mzimu. Wewe ndiye uliyesema ni mzimu, na sisi tukaamini. Alikuwa anaigiza mtu aliyewashinda ndugu zake mbele ya jaji. Hilo ndilo lililotunyima usingizi. Gaju hajashinda hata mchezo wa karata. Tafuta mtu aliyeshinda kesi."

Ilichukua muda mfupi. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea kwenye beseni la vyombo.

"Munaniangalia nini?" Joséphine aliuliza.

"Maman Joséphine," Gad alisema, na tayari alikuwa anafungua mfuko wa kamera, "simama kidogo ku mlango."

"Mi ni shemasi! Nifanye shetani mbele ya kanisa nzima?"

"Hufanyi shetani," Mukansanga alisema. "Simama kwenye mlango wako. Ni wako, mahakama imesema."

Hilo lilimwingia. Joséphine alikausha mikono, akanyoosha kitenge, akaenda mlangoni. Gad alitoka nje hadi ukingoni mwa barabara, akamwelekezea kamera. Watu walijibanza kwenye kuta ili wasionekane.

"Cheka, Maman."

Joséphine alionyesha meno yote.

"Hilo ni la harusi," Mukansanga alisema kutoka ndani.

Akajaribu tena. Safari hii alifumba mdomo, na mashavu yakamvimba.

"Hilo ni la mtu aliyeiba mandazi. Gad, usipoteze chaji. Si kila—"

"Ngojeeni," Joséphine alisema.

Barabarani, kutoka upande wa kanisa, suti ile ya kila Jumapili ilikuwa inakuja. Ilifika kwenye duka la simu, ikasita, ikavuka, kama kawaida. Joséphine hakusogea. Aliweka mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, akamngoja shemeji yake afike sawa na duka.

"Habari ya Jumapili, shemeji," alisema.

Safari hii shemeji aligeuka, labda kwa sababu ya kamera. Naye Joséphine akatabasamu. Halikuwa tabasamu kubwa. Lilianzia kwenye macho na karibu lisifike mdomoni, na halikuwa na hasira hata kidogo; lilikuwa la mtu mwenye muda mwingi. Mzee alisimama katikati ya hatua. Kisha akaenda zake upesi kuliko umri wake.

Ndani ya duka hakuna aliyecheka. Aimable alikuwa amepandisha miguu yake kwenye kiti. Muhigirwa, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kuliko wote, alikuwa amehamia kando ya friji, na hakukumbuka alivyofika huko.

Mukansanga alitazama mgongo wa Joséphine, kisha akamtazama Gad aliyekuwa bado ameshikilia kamera huko nje, akiogopa kuishusha.

"Ndiyo," alimwambia Muhigirwa. Kisha akapaza sauti imfikie Gad ng'ambo ya mlango. "Maneno yako yarudi pale pale. Choma ile kwaya. Na usithubutu kuweka muziki."